Siku Madam Aliponipa Pasipoti Yangu

Jumanne, Jeddah. Unyevu wa hapa umenigandama tangu asubuhi. Riyadh angalau joto lilikuwa kavu. Wenye nyumba wamelala baada ya chakula cha mchana na mimi niko stoo na simu yangu, nimekalia gunia la mchele.

Leo madam alinipa pasipoti yangu. Mkononi kabisa, tena akitabasamu.

Asiyejua maisha ya huku atasema hiyo si habari njema jameni. Ngoja kwanza. Tangu niingie Saudia pasipoti yangu haijakaa kwangu hata saa moja. Kule Riyadh, nyumba ya kwanza, tulikuwa wawili, mimi na Nduku wa Machakos. Siku moja wakati wa chai Nduku akapewa pasipoti yake, akaambiwa avae abaya apelekwe hospitali kupimwa. Kesho yake akanipigia simu kutoka kwao Machakos. Nguo zake zote zilibaki kitandani. Tangu hapo najua bosi akikushikisha pasipoti, unarudishwa kwenu.

Kafili wa Riyadh, bosi aliyenidhamini kuingia nchi hii, hakuwahi kunifanyia ikama, kile kibali cha kuishi hapa. Familia hii ya hapa mtaa wa Al-Safa ilinichukua kutoka kwake, na sasa nafanya kazi kwa karatasi ya muda yenye muhuri huku ombi la ikama likiendelea. Karatasi inaisha baada ya wiki tatu. Ikiisha kabla ikama haijatoka, mimi bado ni mtu wa yule kafili, na kwake nilikuwa nafungiwa ndani kwa kufuli. Sitaki kurudi kule. Naogopa hata kuandika.

Kwa hivyo madam aliposema, "Yalla, vaa abaya, tunaenda jawazati, baba yuko garini," sikuamini. Jawazati ni ofisi ya uhamiaji, sawa, lakini si Nduku naye aliambiwa hospitali? Na mbona anipeleke baba, mume wake mwenyewe, dereva yuko wapi? Na lile tabasamu la nini?

Nikasema tumbo linaniuma. Nikajifungia humu stoo, nikaisukuma pasipoti ndani ya gunia hili hili. Baba akapiga honi, akangoja, akapiga tena. Madam akagonga mlango kwa upole, halafu bila upole. Nilinyamaza mpaka nikasikia gari limezimwa.

Saa saba madam akanionyesha simu yake. Ujumbe ulikuwa wa Kiarabu, lakini jina langu liliandikwa kwa herufi ninazozijua, na saa pia ilikuwepo: nne asubuhi. Akabonyeza kidole gumba mezani akisema ikama, nikaelewa ilikuwa miadi yangu ya kuchukuliwa alama za vidole. Nafasi nyingine, akanihesabia kwa vidole, iko baada ya wiki tano.

Tano. Na karatasi yangu imebakisha tatu.

Nikaitoa pasipoti ikiwa na vumbi la mchele. Madam akaipangusa, akaniangalia kwa shaka, vile mimi humwangalia yeye siku zote, akaenda kuifungia kabatini. Kusema kweli nimejiharibia mwenyewe. Leo hakuna kafili aliyenifungia mlango, nimejifungia kwa mkono wangu.

Kabla hajalala nilimsikia akiongea na dada yake kwenye simu. Kiarabu changu ni cha jikoni tu, sikuelewa kitu isipokuwa neno moja alilorudia mara mbili. Riyadh. Huenda dada yake anaenda huko kutembea. Huenda.

Akiamka nitamweleza habari ya Nduku, hata kama nusu yake itakuwa kwa mikono. Nataka ajue nilichokiogopa, pengine ataomba hiyo karatasi iongezwe muda. Ila kuna jambo moja limenikwama. Siku akifungua lile kabati, anipe pasipoti na kuniambia yalla, nitajuaje tunaenda wapi?