Bénite Hatarudia Kuvunja Majiwe

Butembo, siku ya yenga, kisha misa

Yaya Kakule, mukubwa wangu,

Huku tuko salama, mvua inanyesha, na maharagi imeanza kuchanua.

Juma iliyopita, pale carrière kwenye ulituma mutoto wako Bénite kuvunja majiwe, kipande iliruka ikamuingia mu jicho. Munganga aliitosha inje. Anaona.

Jana patron, mwenye carrière, alikuja kumutafuta huku kwangu. Nilisimama ku mulango.

"Baba yake alikubali," akasema.

"Baba yake iko Beni. Mimi niko hapa."

Akaenda.

Najua vita ilikufukuza mu shamba, siko nakulaumu. Lakini kesho Bénite anaanza masomo, na nitamulisha mimi. Ukikasirika, kuja tuongee sisi wawili. Yeye utamukuta mu darasa.

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Katungu