Kiondo Kilichokaa Miguuni pa Mama

Waithaka,
Jumapili, 11 Februari 1973

Mpendwa Nanjala,

Kabla sijakusalimu kuna jambo nataka nilitue, maana nikianza na salamu nitaishiwa na ujasiri. Nimeitoa siri ya mama. Nimemwambia mtu yule yule ambaye mama alisema ni heri yeye mwenyewe afe kuliko mtu huyo ajue. Sijamwambia baba, sijamwambia dada, na leo kanisani niliinamisha kichwa wakati wa kuungama na bado sikulisema. Wewe ndiye wa kwanza. Sasa naweza kukusalimu.

Hujambo? Mama yako mgongo umempa nafuu? Na hao watoto wa darasa la tatu unaowafundisha huko Kimilili, wamekuzoea au bado wanakucheka kwa urefu wako? Sisi huku hatujambo, au niseme tunaelekea kutojambo. Mvua hakuna, vumbi ni tele, na matokeo ya mtihani hayajatoka. Kila anayeingia hapa nyumbani huniuliza kama yametoka, kana kwamba mimi ndiye niliyeyaficha chini ya kitanda.

Umelalamika kwamba sikujibu barua yako. Una haki. Nilikuwa hospitalini Parklands, si kwa ugonjwa wangu bali kwa ugonjwa wa mama. Alionekana na uvimbe kifuani, na mwishoni mwa Januari walimkata titi la kushoto. Neno hilo nimeliandika na kulifuta kabla ya kuliacha. Unanijua nilivyo; ni wewe uliyesimama kunisomea ile sura ya biolojia mbele ya darasa sauti yangu ilipokwama.

Walioambiwa walikuwa baba na mimi tu. Jumamosi iliyofuata, wazazi wa Mungai walikuwa wanakuja kuzungumza mahari ya dada Virginia, na kwetu watu hawachukui msichana bila kuuliza ukoo wake una magonjwa gani. Mama alishikilia kwamba wakisikia habari ya titi watageukia langoni na vyondo vyao vya zawadi mgongoni. Basi ikatangazwa kwamba amekwenda Murang'a kumuuguza shangazi yake. Baba aliniita jikoni akaniapisha nisimwambie Virginia, ili furaha yake isiharibike. Siku mbili baadaye Virginia, ambaye hupiga chapa katika ofisi moja Government Road, aliniita jikoni hapo hapo akaniambia kwamba ameliona pikapu la baba nje ya hospitali, akaingia, akamwona mama amelala, akatoka. Naye akaniapisha nisimwambie mama wala baba kwamba anajua. Nikawa sina raha kila mtu akiniita jikoni.

Lakini hilo ni dogo ukilinganisha na chupa. Nanjala, katika kidonda cha mama walikuwa wameacha mrija wa mpira, umeshonewa kwenye ngozi kwa uzi, na ncha yake nyingine inaingia katika chupa nzito ya kioo iliyotolewa hewa yote. Kwa kuwa haina hewa, chupa ile inavuta. Damu na maji yanayojikusanya chini ya ngozi yanashuka humo polepole, badala ya kubaki ndani na kuoza. Sista Awiti, muuguzi wa wadi yetu, alinieleza sheria zake akininyooshea kidole: chupa ikae chini ya kidonda daima, mrija usivutwe, na hewa isiingie, kwani chupa yenye hewa ni chupa tu kama ya soda.

Mgonjwa mwingine angelala akaiacha chupa yake kando ya kitanda. Mama yangu, ambaye ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliamka siku ya pili akaanza kuzunguka wadi kuwaombea wenzake. Na chupa je? Chupa nilibeba mimi. Alitembea mbele akisema amina, nami nyuma nimeinama, nimeishika chini karibu na magoti, ule mrija kati yetu, kama mtu anayechunga kuku aliyefungwa kamba. Wageni waliokuja kuwaona wagonjwa walikuwa wakiniangalia mimi, si yeye. Nilitamani sakafu ipasuke.

Daktari alisema mrija utatolewa Jumatatu. Mama akasema wakwe wanakuja Jumamosi. Baba alimwambia waahirishe, akajibiwa kwamba mahari ikiahirishwa watu huuliza sababu. Basi mama alimwita daktari akamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba kuna mazishi nyumbani. Nani humkatalia mtu mazishi? Alipewa ruhusa ya mchana mmoja, arudi kabla ya giza, na Sista Awiti alikuja kutupa pole akanishika mkono kabisa. Nilijibu asante. Ningejibu nini?

Tulitoka Parklands, chupa katikati ya viatu vyangu, na baba aliendesha pikapu kama aliyebeba mayai. Tulipopita Kawangware kila shimo mama alilisalimu kwa kuguna. Nyumbani alijifunga shali kubwa, akaketi kwenye kiti cha pembeni sebuleni, na chupa tukaitia ndani ya kiondo chake cha mkonge kilichokaa miguuni pake, juu yake kitambaa. Mrija ulipita chini ya shali. Mimi niliwekwa kwenye kigoda kando yake na nikaambiwa nisiondoke hata nyumba ikishika moto.

Hebu fikiria, siku ya mahari ya dada yako umekaa kama mgeni rasmi. Shangazi Phoebe, dada yake baba, hakuliacha lipite. Aliuliza mbele ya watu kama shule hufundisha wasichana kukaa. Baadaye akasema labda nami nasubiri wangu aje. Wote walicheka, na mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Sasa nikueleze jambo la kwetu, maana huenda kwenu Wabukusu ni tofauti. Wanawake wanapokuja ugenini wamebeba vyondo, wenye nyumba lazima wavipokee, wavipeleke ndani, watoe vilivyomo, na siku vinaporudishwa visirudi vitupu. Kiondo cha mgeni kikiachwa sakafuni ni aibu kwa nyumba nzima. Akina mama wa Mungai waliteremka kwa miguu kutoka Mutuini wakiimba, vyondo vimejaa unga na sukari na ndizi, na Shangazi Phoebe ndiye aliyekuwa mkuu wa kuvipokea.

Mzee mmoja alipaliwa na uji, nikatumwa maji. Nilimtazama mama, akanipa ishara niende upesi. Sikukawia, lakini niliporudi mlangoni nilimwona Shangazi Phoebe ameinama, ameona kiondo kimoja kimesahauliwa sakafuni, amekikamata mikanda na kukinyanyua akitafuta kukitupa mgongoni. Mama aliidaka mikanda. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Alisema polepole kwamba kiachwe, ni chake. Shangazi alicheka akawauliza wageni kama waliwahi kumwona mwenye nyumba akijibebea kiondo kuja kujitembelea kwake mwenyewe. Akavuta tena, akisema, wifi, achia, usituaibishe. Kiondo kilikuwa kimepanda hadi usawa wa mabega ya mama. Sebule nzima ilitazama, na mimi nilisimama mlangoni na bilauri ya maji. Nilichukia sana ile haya yangu. Neno moja tu lingetosha, na sikulipata.

Aliyelipata alikuwa mama yake Mungai. Kutoka upande wa pili wa chumba alisema, bila hata kuacha kunywa chai yake, kwamba kiondo hicho ni chake, kina mayai ya kuku wa kutotoa, na kwamba mayai ya namna hiyo hayatikiswi. Alimwomba shangazi akirudishe hapo hapo kwa mkwe wake, atayatoa kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi alikirudisha kama aliyeshika mtoto mchanga.

Nilirudi kwenye kigoda nikajifanya ninanyoosha kitambaa. Mrija ulikuwa umechomoka kwenye chupa. Uzi wa kwenye ngozi ulikuwa umeshika, Mungu asifiwe, lakini ncha ilikuwa wazi na hewa inaingia. Niliukunja kwa vidole nikaubana, mkono ndani ya kiondo, na wazee ndiyo kwanza walikuwa wakianza kuhesabu mbuzi. Vidole vilikufa ganzi. Mama alikuwa amefumba macho kana kwamba anaomba. Mama yake Mungai aliinuka, akasema anakwenda uani, na aliporudi alipita karibu yangu akaniangushia kitu kiganjani bila kunitazama. Kilikuwa kibanio cha nguo, kimetolewa kwenye kamba yetu ya kuanikia. Niliubana mrija nacho.

Wageni walipokuwa wakisindikizwa alinishika mkono tukabaki nyuma ya wengine, kwenye ua wa mipera. Aliniuliza mama yangu amekatwa wapi. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema yale ya Murang'a. Nanjala, nilikuwa nimechoka kubeba ya kila mtu, na mwanamke yule alikuwa ameniokoa. Nikamwambia. Titi la kushoto, nikasema, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilitoka bila kukwama. Kisha nikamuuliza kama watamwacha Virginia.

Aliifungua kidogo skafu ya shingoni. Chini yake palikuwa na kovu refu kama mkufu. Alisema alikatwa rovu, ule uvimbe wa shingo, alilala na chupa kama ile, na mrija anaujua hata ukipita chini ya mablanketi matatu. Alisema walikuja kumchukua Virginia, si kifua cha mama yake. Halafu akaniambia nisimwambie mama kwamba yeye anajua. Mama mwenyewe atakuja kumwambia siku akiwa tayari, alisema, na siku hiyo yeye atajifanya ameshangaa vizuri tu.

Tulirudi Parklands, wengine wakiambiwa mama anarudi Murang'a. Sista Awiti aliuliza mazishi yalikuwaje, na mama, kwa uchovu, akamjibu kwamba watu walikuwa wengi na walikula wakashiba. Lakini Sista alipoifunua chupa na kukiona kibanio cha nguo, pole zote ziliisha. Alituuliza marehemu alikuwa nani aliyestahili kufufuliwa kwa kumwua mtu mwingine. Alileta chupa mpya, ila maji yalikuwa yamekwisha kujaa chini ya ngozi, na usiku ule homa ilipanda. Daktari alilazimika kuyavuta kwa sindano, na mama hakutoka Jumatatu bali juzi Ijumaa. Siku hizo nilikaa kando ya kitanda nikiitazama chupa ikivuta, nikamwomba Mungu isiache. Kwa siku kadhaa mama hakuzunguka kumwombea mtu yeyote, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sasa homa imeshuka, mrija umetolewa, na amekwisha kuanza kunikaripia juu ya masufuria, kwa hiyo amepona.

Mahari ilikubaliwa. Unajua mama anasemaje juu ya mama yake Mungai? Anasema ni mwanamke mwema, ila akili imeanza kumpotea, maana hajui hata kiondo chake. Anamwombea. Tangu arudi, jioni tunainamisha vichwa, mama anamwombea mkwe wake akili, baba anaitikia, Virginia anaitikia, na mimi nauma ulimi mpaka uchungu unafika sikioni.

Jana kikaja kiondo kutoka Mutuini. Ndani yake mayai, yamefungwa kwa majani makavu, na ujumbe kwamba samahani, siku ile alisahau kuyaacha. Shangazi Phoebe, aliyekuwa ameyatafuta mayai hayo nyumba nzima akidhani sisi tumeyala, sasa ameridhika. Mama alitikisa kichwa akasema, mnaona sasa, msahaulifu kabisa. Kisha akaagiza mawili ya kuchemsha.

Kesho natumwa kukirudisha kiondo, na hakiwezi kurudi kitupu. Mama ameweka viazi vikuu na kitambaa alichokitarizi kwa mkono wa kulia akiwa kitandani. Mimi, akiwa amelala, nimetia chini kabisa kile kibanio cha nguo. Nimekiosha. Nadhani mwenyewe atakielewa.

Nisalimie mama yako, na ndugu yako Shem, na mwambie sijasahau kwamba ana kamusi yangu. Matokeo yakitoka nitakuandikia hata yakiwa mabaya. Sista Awiti amesema nikitaka kusomea uuguzi nimwone, kwa kuwa mikono yangu haitetemeki hata kama mdomo unatetemeka, na hilo pia sijamwambia mtu.

Kwa sasa nimekumiminia yote niliyojazwa na watu hawa, na ninajisikia mwepesi. Tafadhali usimwage. Barua hii isisomwe na mwingine, wala usimsimulie mtu hata kwa kubadilisha majina, maana Waithaka na Kimilili si mbali kama tunavyodhani. Ukishaisoma, itie jikoni motoni. Na ukija harusini, ukamkuta mama akikueleza alivyomuuguza shangazi yake Murang'a, mpe pole.

Ni mimi rafiki yako akupendaye,
Wanjugu wa Ephantus