Njegere za Shosho

Ijumaa, 6 Novemba 2015

Nimemwagilia sukuma wiki kabla ya kwenda kanisani; huku ng'ambo ibada ni Ijumaa. Zimo kwenye mikebe minane iliyokuwa ya samli, yote roshani. Vidukari vitatu kwenye mkebe wa pili. Nimeviponda kwa kidole.

Mchana tulimpigia Shosho, mamake Mami, huko nyumbani Kinangop. Mvua haijakatika siku nne. Matope hadi kwenye vifundo. Kabichi zinafunga, njegere zimeanza kutoa maua. Nimeandika yote kwenye daftari la bustani. Simu yake ni mulika mwizi, haipigi picha, kwa hiyo bustani yake naijua kwa masikio tu.

Shuleni sijasema neno tangu Jumanne, ila kuitikia jina. Kwa Shosho naongea nusu saa.

Jumatatu, 9 Novemba

Mimi ni mjinga. Shosho alisema miche ifunikwe alfajiri, isiunguzwe na sakitu, ile barafu nyembamba ya asubuhi. Nikafunika miwili kwa plastiki nikaenda shule. Al Qusais, mtaa wetu wa jangwani, haina sakitu. Nimerudi nimekuta miche imelegea kama mboga ya jana. Baba amesema mimi ndiye mkulima wa kwanza kupika sukuma kabla ya kuvuna. Amecheka hadi akakohoa.

Mikebe sita sasa.

Ijumaa, 13 Novemba

Shosho anasema njegere zimeanza kutoa maua. Nimefungua daftari. Wiki iliyopita alisema hivyo hivyo, maneno yale yale. Nimemuuliza. Akasema hizi ni za upande wa juu.

Labda. Sikujua kuna upande wa juu.

Binamu yangu Njoroge, anayeishi kwa Shosho na wazazi wake, anafika wiki hii. Amepata kazi ya ulinzi huku.

Ijumaa, 20 Novemba

Naandika bafuni, nimefunga mlango.

Njoroge amekuja kula. Analala kwenye vyumba vya kampuni, mitaa miwili kutoka hapa. Nimechuma sukuma zangu kwa mara ya kwanza, Mami akazipika. Alipokwenda jikoni kuchemsha chai nikatafuta la kumwambia Njoroge. Nikamuuliza kama waliwahi kuvuna njegere kabla hajaondoka.

Akacheka. "Njegere gani? Kule ni nyasi tu, mpaka kiunoni."

Kisha akaniona uso, akaacha kutafuna, akanieleza kwa sauti ya chini.

Shosho alianguka mwezi wa sita. Kwenye matope, akitoka kuchuma kabichi. Nyonga ikavunjika. Hospitali walimtibu wakamrudisha nyumbani, na hajasimama tangu siku hiyo. Mamake Njoroge ndiye humgeuza kitandani. Dirisha lake linaonyesha tangi la maji na uzio. Bustani haionekani.

Mimi nilipanda mwezi wa tisa. Kila kitu kwenye daftari langu alikisema akiwa amelala.

Na aliwaapisha wote. Mami asiambiwe mpaka nimalize mtihani mwaka ujao, kwa sababu Mami akijua ataacha kazi siku hiyo hiyo, nami nitatolewa shule kwa kukosa karo. Kwa hiyo ni kwa ajili yangu. Njoroge akaniomba nisiseme. Mami akaingia na chai. Akamuuliza Shosho anaendeleaje. "Ako tu sawa, Auntie," Njoroge akajibu, macho kwenye sahani.

Nami nilikuwa nimekaa pale. Nikapokea kikombe changu. Najichukia.

Jumamosi, 21 Novemba

Sijamwagilia.

Kitabu cha Fizikia, ukurasa mmoja tangu asubuhi. Nikisema, huenda nikakosa mtihani. Nisiposema, Mami atampigia Ijumaa na kuulizia kabichi.

Nimemkasirikia Shosho. Sikujua mtu anaweza kumkasirikia mtu mgonjwa.

Jumapili, 22 Novemba

Nimesema.

Mami alikuwa anapiga pasi sare yake ya hoteli. Nilisimama mlangoni muda mrefu, akaniuliza kama nina homa. Nikasema, "Shosho hatembei. Tangu mwezi wa sita." Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni.

Hakulia. Alizima pasi. Akakaa kitandani, juu ya nguo zilizokwisha kunyooshwa, akasema kila Ijumaa alikuwa akimuuliza kama amelima. Kila Ijumaa. Alirudia mara nyingi.

Alhamisi, 26 Novemba

Mami ameondoka. Msimamizi wake amempa siku kumi. Zikipita, asirudi. Ameniahidi atarudi. Baba naye amesema atarudi, lakini akitazama pembeni.

Ijumaa, 27 Novemba

Mami amepiga simu. Mvua juu ya mabati, nimesikia nusu tu. Bustani ni nyasi kweli. Mboga za managu zimejiotea zenyewe. Wamehamisha kitanda cha Shosho hadi chumba cha mbele, na Mami amelima tuta moja chini ya dirisha. Leo wamepanda njegere. Shosho aliegemea mto akimwambia anachimba vibaya.

Kisha akanipa Shosho. Nilisikia anavuta pumzi.

"Wewe msichana una mdomo."

Maisha yangu yote naambiwa sina. Nikasema ndiyo, Shosho.

Mvua. Kisha akauliza sukuma zangu zinaendeleaje, na nisimfiche. Nikamweleza mkebe mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia pia ile miwili niliyoipika kwa plastiki. Akacheka, akasema ameumia ubavu, nisimchekeshe. Majani ya chini yachumwe leo, yasingoje kesho.

Nimeyachuma. Baba anakata kitunguu.