Chuo Kilichoanzia Kwenye Banda la Farasi

Norsborg, Stockholm

Shangazi Veneranda mpendwa,

Shikamoo. Huku theluji inayeyuka, ila Mama bado ananikataza kutoka bila kofia. Goti lako linaendeleaje? Na migomba, imestahimili upepo? Sisi tu wazima wa mwili, lakini nyumbani hakuna utulivu. Barua hii nimempa jirani yetu Mama Denise, anayesafiri kesho kuja Bukoba, kwa sababu simu yako hupokelewa sebuleni sauti ikiwa juu, na haya si ya kusikiwa na wote.

Nimepata nafasi na ufadhili kamili katika chuo kikuu kimoja cha watu weusi huko Marekani. Kilianzishwa na watu waliokuwa wametoka tu utumwani. Darasa lao la kwanza lilikuwa banda la farasi, na mama na bintiye walijifunza herufi kwenye benchi moja. Wanawake walifua nguo za watu ili mwalimu apate kula. Watu wasiotaka weusi wasome wakalichoma banda. Wao wakajenga jingine la matofali. Leo hapo pana hospitali ya kufundishia. Ndipo ninapotaka kusomea udaktari.

Baba hataki. Alisema, kwa ile sauti ya chini anayoitumia akikasirika, kwamba alikuja Sweden na sanduku moja ili wanawe wasome bure, na sasa mimi naukimbia mlango ulio wazi. Baba Mdogo Goodluck alikuja kutoka Jordbro kusuluhisha, akazidi kutia chumvi kwenye kidonda: eti kama natafuta chuo cha watu weusi, nauli ya Bukoba ni nafuu, na ndizi zipo. Mama alicheka. Baba hakucheka.

Nilijibu kwa Kiswidi, Baba akasema mambo ya ukoo hayazungumzwi kwa Kiswidi. Nikaanza upya. Nikasema kwamba katika darasa langu la sayansi huko mjini mweusi ni mimi peke yangu, na kila nikikosea naona nimekosea kwa niaba ya wengi. Nataka mahali ambapo kosa langu litakuwa langu tu.

Baba akauliza ni nani katika ukoo aliyekubali jambo hili. Unajua mwenyewe, neno lako wewe dada yake mkubwa likishatoka, yeye halipingi. Basi, Shangazi, nilisema umekubali. Nilisema umenibariki. Akavaa koti, akaenda kazini Märsta ilhali zamu yake ilikuwa bado. Jumapili baada ya misa atakupigia kama kawaida yake, na najua atakuuliza.

Sikuombi uufunike uongo wangu. Jumamosi nitamwambia Baba ukweli, hata kama safari itaishia hapo. Ila akikupigia, mweleze lililo moyoni mwako wewe. Ukikataa nitalia, lakini nitajua ni wewe uliyesema.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Mama anakusalimu sana, ingawa hajui nimeandika nini.

Ni mimi binti yako,
Benedicta