Mbwa wa Wageni wa Kaluki

S.L.P. 31,
Migwani.
14 Agosti 1983.

Mpendwa kaka Nzioka,

Pokea salamu za mwanaume ambaye mbwa wote wa Migwani wakimwona hukunja mkia na kusimama kando kama chifu anapita. Joto la Kibwezi linakutendeaje? Kile kikohozi kimekuacha? Huku sisi wazima, ila Mama analalamika huandiki. Nimemwambia tangu upate kazi umesahau kalamu hushikwa upande gani.

Ile siku ya ntheo ya dada yetu Kaluki ilifika. Wewe unajua: wazee wa pande zote mbili wasipokula mbuzi wa ntheo pamoja, msichana bado si mke wa mtu, hata mchumba wake Mutie alie machozi. Basi wakaja kutoka Kikima, Mutie na mbuzi watatu, na mjomba wake Mzee Mwangangi na mbwa. Tena si mbwa wa kufukuza nyani. Huyu anaitwa Sajini na anapakwa mafuta!

Mama akaziba mlango. "Mbwa haingii nyumba ya maombi."

"Basi tutakaa nje sisi wawili," Mzee akasema, na akakalia debe kweli.

Baba akaona aibu. Mgeni wa ntheo kukaa nje na debe! Akasema mbwa aingie. Mama akasema labda yeye atoke. Hapo mimi na akili zangu za darasa la sita, ambalo nililipenda nikalisoma mara tatu, nikasema: "Mleteni jikoni. Nitamfunza adabu kabla chai haijachemka."

Wakatufungia humo, mimi, Sajini, na lile paja la mbuzi lililowekewa wazee. Sajini akalala mlangoni. Nikiinua mguu, ananguruma. Nikikohoa, ananguruma. Nje pasta alikuwa ameanza kuomba, na unamjua akianza. Nani angepiga kelele katikati ya maombi?

Tulipigana, kaka. Nusu saa! Suruali yangu ilipasuka hadi gotini. Lakini yule ni simba, akanishinda akaiba paja. Walipofungua baada ya "Amina" walikuta mfupa.

Mama akasema, "Niliwaambia!" Mzee Mwangangi akasema mbwa wake hajawahi kuiba hata ukoko wa ugali, kwa hivyo ametukanwa, na anataka mbuzi wao warudishwe. Wameenda bila kula. Watarudi Jumamosi kuamua kama ntheo imekufa, na Baba amenitaja mimi shahidi. Anaonyesha watu suruali yangu kama kitambulisho. Nikitoka nje naulizwa, nikibaki ndani namkuta Kaluki. Hanitukani. Yule hunitukana kabla ya uji, sasa ananiangalia tu.

Nisalimie shemeji Nthenya na mtoto. Nyanya Syokau anasema Mungu akuwekee mkono kichwani usiku na mchana. Jumamosi uje, tafadhali. Baba hukusikiliza.

Mdogo wako anayekupenda hata usipojibu,
Kiilu.

N.B. Usimsomee mtu hapa. Hatukupigana. Suruali niliipasua na msumari wa mlango. Nilimrushia lile paja mwenyewe ili aondoke mlangoni, akala, kisha akarudi kulala palepale. Sajini hakuiba, Nzioka. Nilimpa.