Maganda ya Mihogo ya Komanda

Bunia, Jumapili, tarehe 14 mwezi wa tano

Papa mpenzi,

Leo nitakuambia yote, hata yale ambayo Shangazi hangependa uyasome. Kwanza nakusalimu wewe na Mama. Mguu wake umepona? Mvua imefika shambani? Mimi ni mzima na masomo yanaenda vizuri, ila tangu Alhamisi sina amani.

Yule beberu mwekundu uliyemletea Shangazi amekufa.

Siku hizi mihogo mitamu ni shida kupatikana hapa mtaani kwetu Mbunya. Shangazi alinunua gunia la mihogo ya uchungu, ile inayoletwa na pikipiki kutoka Komanda. Alhamisi asubuhi aliimenya, akailoweka ndani ya beseni kama watu wote wanavyofanya, kisha akamwagia beberu maganda yote, mabichi, yakiwa bado na maji. Mbuzi jike alikuwa kando ya barabara akila majani. Beberu alikuwa amefungwa peke yake, akayala yote.

Nilipotoka shuleni nilimkuta anahema kama aliyekimbizwa, povu mdomoni, miguu inatetemeka. Akaanguka, akarusha miguu. Shangazi alimwita jirani amchinje haraka, na damu ilitoka nyekundu sana, inang'aa. Hapo Shangazi akaanza kulia.

“Muangalie ile damu! Ni sumu! Banauwa mbuzi yangu!”

Papa, Shangazi anasema ni sumu, na mimi nasema ni sumu. Tunatofautiana juu ya mkono ulioitoa.

Unamkumbuka Mama Kavira, mpangaji wetu aliyetoka Beni na watoto wake, anayeuza mkaa? Juma lililopita beberu alikata kamba akamaliza mboga zake zote za lengalenga nyuma ya nyumba. Mama Kavira alipiga kelele mbele ya watu: “Hii mbuzi yako, siku moja tamaa itaiua!” Kila mtu alicheka, hata Shangazi. Sasa hakuna anayecheka. Shangazi alimwendea mlangoni.

“Ni weye njo ulisema itakufa. Haya, imekufa. Ulimupa nini?”

“Mama, mi sikumupa kitu. Nilikuwa kwenye soko tangu asubuhi.”

“Watu ba kule munajua madawa. Mwisho wa mwezi, unatoka mu parcelle yangu, mu kiwanja yangu.”

Nilimwambia Shangazi yale tuliyosoma: mihogo ya uchungu ina sumu, na nyingi iko kwenye ganda. Sisi tunailoweka na kuianika, sumu inatoka. Beberu hakulowekewa kitu. Unajua alinijibu nini?

“Weye na ma-biologie yako! Kule kwetu mbuzi zinakula maganda kila siku, zinanenepa tu. Maganda ni maganda. Ni papa yako mwenyewe alinionyesha kufuga, sasa weye unamupita?”

Nilitaka kulia kwa hasira. Kwetu tunakula mihogo mitamu! Ndiyo sababu mbuzi wetu hawafi. Nimelirudia neno hili asubuhi na jioni mpaka Shangazi ananifukuza jikoni. Nilimwomba mwalimu wa biolojia aje amweleze. Alisema nasema kweli kabisa, ila yeye haingii mambo ya familia za watu. Ukweli wangu unasaidia nini kama unabaki darasani?

Jana Shangazi alimenya mihogo mingine ya gunia lile, nami niliyatandaza maganda yake juu ya bati yakauke. Leo nilipotoka misa nilikuta Shangazi ameyashusha yakiwa bado mabichi na kuyaweka karibu na mbuzi jike, mwenye mimba. Nimeyafukia shimoni. Shangazi hanisemeshi. Mama Kavira naye ameanza kufunga vyombo vyake. Aliniambia, “Acha, mutoto yangu, usigombane na tante yako juu yangu. Nilishazoea kuhama.” Maneno hayo yananiuma kuliko matusi.

Nisalimie kaka yangu mkubwa aliyebaki na mbuzi, nyanya anayeniombea, na katekista wetu aliyenifundisha kuandika. Mwambie mdogo wangu nitamletea kalamu. Barua hii anakuletea dereva wa lori la samaki. Atapita tena kwenu Alhamisi akirudi Bunia. Tafadhali mpe jibu mkononi, kwa sababu mwisho wa mwezi Mama Kavira atafukuzwa.

Papa, nakumbuka nilipokuwa mdogo ulipanda mihogo ya uchungu ukingoni mwa shamba, ili nguruwe wa porini wasiiguse. Ulimkataza Mama kuwapa mbuzi maganda yake mpaka yakauke kabisa juu ya jiwe. Sikuuliza sababu. Sasa nauliza, na sitaki uandike kitu usichokiona ili kunisaidia tu. Shangazi hatanisikia mimi, lakini atakusikia wewe kama ulikiona.

Je, kabla ya kutoa amri ile, ulishapoteza mbuzi kwa maganda hayo?

Binti yako,
Claudine