Santuri Iliyoanikwa na Dagaa

Nyangeta mjukuu wangu,

Huku Buhare hatujambo, na kuku wako ametotoa. Umenitumia wimbo mmoja wa jazi, ule wa taratibu, watu watatu wameuimba kila mmoja kivyake, ukauliza nani kaupatia.

Wote wanajua kuimba. Ila babu yako alikuwaga na santuri ya wimbo huo. Nilipoolewa tu, nikaiona ina vumbi, nikaiosha, nikaianika juani pale Mwigobero, ufukweni mwa ziwa, pamoja na dagaa. Ikapinda. Ilipopigwa, sauti ikawa inapanda na kushuka kama mtumbwi. Nikataka kulia. Babu yako akafumba macho.

"Iache," akasema. "Sasa anaimba kama mtu aliyewahi kuvuka ziwa."

Hao wako watatu, mama, bado wako nchi kavu.

Bibi yako